Mpangaji Aliyeipa Televisheni Mgongo

Kuna harufu moja ambayo kila nikiipata lazima nisimame. Ni harufu ya vumbi lililopata moto juu ya mashine ya umeme, ikichanganyika na uunsi, ule ubani wetu unaopikwa na sukari na kuchomwa juu ya makaa. Juzi niliipata Eastleigh, kwenye ngazi za jengo lenye fundi wa redio chini na mama muuza manukato juu. Nilisimama na mifuko yangu mkononi mpaka watu waliokuwa nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Wangenisamehe kama wangejua nilipokuwa. Nilikuwa Garissa, miaka ya tisini, kwenye chumba cha mwisho cha ua wa nyanya yangu, nimekaa mkekani, na mwanamke niliyemwogopa alikuwa ananitazama usoni.

Jina lake lilikuwa Saynab. Alikuja asubuhi moja ya kiangazi, akitembea nyuma ya mkokoteni wa punda uliobeba godoro na sanduku la bati. Sanduku lilikuwa limefunikwa kwa pazia zito jekundu lililoungua pembeni. Godoro lilikuwa linaburuta ncha yake vumbini na yeye hakujali. Mkono wake ulikuwa juu ya sanduku muda wote, kama mtu aliyemshika mtoto asianguke.

Ayeeyo, nyanya yangu mzaa baba, ndiye aliyekuwa mwenye ua ule, na alikuwa amekaa chini ya mwarobaini akichambua mchele. Aliona vyote viwili, godoro na mkono.

"Mtu anayekimbia vita hubeba watoto, ama dhahabu, ama Kurani," alimwambia mama yangu kwa sauti ya chini. "Huyu amebeba sanduku, halafu amelivisha nguo."

Siku zile watu walikuwa wanavuka mpaka kutoka Somalia kila kukicha. Wengi walipelekwa kambini, Hagadera na kwingineko, lakini waliokuwa na uwezo kidogo waliingia mjini wakapanga vyumba. Sisi wenyewe, Wasomali wa Kenya, tulikuwa watu wa kushukiwa. Kwenye kila kizuizi barabarani ni sisi tulioteremshwa garini, tukaulizwa vitambulisho, na kisha kitambulisho kikaulizwa kama ni cha kweli. Ungedhani watu walioshukiwa hivyo wangekuwa wepesi wa kumwamini mgeni. Wapi! Tuliwashuku wageni wetu kwa ufundi, kama watu waliosomea.

Swali la kwanza la Ayeeyo lilikuwa lile ambalo kila mtu kwetu huulizwa kabla hajapewa hata maji.

"Wewe ni wa nani?" Maana yake, ukoo gani, babu yako nani, tukushike wapi.

"Mimi ni Saynab wa ukumbi wa sinema," akajibu.

"Sikukuuliza kazi."

"Najua, ayeeyo. Lakini walioniuliza swali hilo kule Mogadishu walikuwa wameshika bunduki. Naomba hapa nisiulizwe."

Naamini Ayeeyo angemwambia aendelee na safari yake, lakini mama yangu, ambaye sisi tulimwita Hooyo, alikuwa ameshamkabidhi kikombe cha chai, na Saynab alikuwa ameshaonja. Mtu aliyekunywa chai ya nyumba yako humwambii arudi barabarani. Akapewa chumba cha mwisho. Tangu siku hiyo Ayeeyo alihamisha mkeka wake wa kuswalia akautandika mahali ambapo, akimaliza kutoa salamu upande wa kulia, macho yake yalitua moja kwa moja kwenye mlango wa mpangaji.

Haukupita muda, Saynab akanunua televisheni na mashine ya video kutoka Soko Mugdi. Alasiri moja tukasikia kinanda kinapigwa chumbani kwake. Kinanda tu. Hakuna mtu aliyesema, hakuna aliyeimba, na milio ile ilikuwa inapanda na kushuka mbio mbio kama mtu anayekimbia ngazi. Jirani yetu, Mama Barwako, alisimama ukutani akasikiliza mpaka shingo ikamuuma.

"Sinema zote watu husema," alimwambia Ayeeyo. "Hawa kwa nini hawasemi? Wanaficha nini?"

Lazima niwaeleze kwamba video wakati ule haikuwa na jina zuri mjini kwetu. Kulikuwa na vibanda vya mabati ambako vijana walilundikana kutazama watu wakipigana mateke, na ilisemekana kwamba wakubwa wakishaondoka kuna kanda nyingine huwekwa, za watu wasio na nguo. Hooyo alikuwa na wasiwasi huo. Wasiwasi wa Ayeeyo ulikuwa mpana zaidi, haukuwa na jina. Aliniita, akanishika kidevu.

"Hodan, wewe una macho na una mdomo. Nenda kwa yule mwanamke ukaangalie anachoangalia. Ukiona kitu cha haramu, toka ukimbie. Ukiona kitu kisicho cha haramu, kaa ukitazame vizuri, maana hicho ndicho chenye hatari."

Nilikuwa darasa la tano. Nilikwenda nikiwa nimejifunga shungi vizuri kama askari aliyefunga mkanda. Saynab alikuwa amekaa mlangoni akivuta ushanga wa tasbihi.

"Umetumwa," alisema.

"Hapana, habaryar." Habaryar ni mama mdogo, ndivyo tulivyofundishwa kuwaita wanawake wa rika lake.

"Umetumwa, abaayo, dada yangu, na wala si neno. Ingia. Umewahi kuona sinema?"

"Niliona ya Kihindi, harusini."

"Basi kulia umeshajua. Sasa tujaribu upande wa pili."

Akafungua sanduku la bati. Hapakuwa na dhahabu. Kulikuwa na kanda za video, zimepangwa safu safu, kila moja imeviringishwa kitambaa chake kama kitoto kilicholala. Zilikuwa sinema za kuchekesha za Amerika, alisema, za zamani sana, nyeusi na nyeupe, nyingine zilizotengenezwa kabla watu hawajajua kuweka sauti. Alizitoa moja moja akiziongelea kana kwamba ni jamaa anaowafahamu tabia.

"Huyu si wa kuanza naye. Anachekesha lakini ana uchungu mwingi ndani, utamwelewa ukishaolewa. Hii hapa ni ya wale wanaosema. Mwanamke na mwanamume, wanaongea mbio mbio, kila mmoja anampenda mwenzake na hakuna anayekubali kusema. Nzuri sana, lakini bado. Unaanza na wanaoanguka. Ukishawazoea unaenda kwa wanaokimbizana. Wanaosema ni wa mwisho."

Akaweka kanda moja kwenye mashine, akanipa kazi ya kusoma maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa yakitokea katikati ya picha. Nilisoma kwa kigugumizi nikitafsiri kwa Kisomali, na hapo ndipo shaka yangu ya kwanza ilipoota. Midomo yake ilikuwa inatangulia. Kabla sijamaliza sentensi, yeye alikuwa ameshaimaliza kimya kimya. Ikiwa anayajua yote, anataka nisome kwa nini?

Sinema yenyewe ilimhusu bwana mwembamba mwenye kizibao kilichombana, aliyetumwa na muuza nyama kupeleka bata bukini aliye hai kwenye nyumba ya tajiri siku ya karamu. Bata akamtoroka. Katika purukushani bata huyo akavikwa kofia ya mwanamke yenye manyoya, na wageni wa karamu wakadhani ni bibi mkubwa kutoka Ulaya. Mzee mmoja mwenye macho mabovu akamvutia kiti.

"Usimwangalie anayeanguka," Saynab aliniambia. "Kila mtu anajua kuanguka. Mwangalie anayemwona akianguka."

Nilikuwa nimebana midomo, maana nilikuwa kazini. Lakini yule mzee alipoinama kwa heshima akaubusu ubawa wa bata, kicheko kilinitoka puani na machoni na kila mahali. Nilicheka mpaka nikalala mkekani. Nilipogeuka nimwone mwenzangu anavyocheka, nikaacha kucheka. Saynab alikuwa amekaa karibu na mlango, mgongo wake umeelekea televisheni. Hakuwa anaitazama kabisa. Alikuwa ananitazama mimi, usoni, bila tabasamu, kama daktari anayesubiri kipimo cha homa.

Ayeeyo alinihoji jioni hiyo huku Hooyo akimwaga unga wa anjera, chapati zetu laini, akijifanya hasikilizi.

"Wana nguo?"

"Wana nguo nyingi, Ayeeyo. Koti juu ya koti."

"Wanawake?"

"Wamejifunika mpaka shingoni. Na kofia. Hata bata ana kofia."

"Bata yupi?"

Nikamwelezea. Alinisikiliza kwa makini, na nilipofika kwenye busu alikunja uso. "Mtu hatoki vitani na bata," alisema. "Na yeye alicheka?"

"Hapana. Alikuwa ananiangalia mimi."

Mkono wa Hooyo ulisimama juu ya kikaango. Ayeeyo akanisogeza karibu na taa, akanitazama macho, ulimi, kucha. Akanisomea dua, akanipulizia kifuani. Mtu anayekupakulia chakula halafu yeye mwenyewe haonji, alisema, lazima umwogope. Aliamini ni jicho baya, kwamba mwanamke asiye na watoto amekaa anavuna kicheko cha watoto wa wenziwe. Mama Barwako yeye alishikilia kwamba dhahabu imo ndani ya zile kanda, imefuliwa kama nyuzi.

Mnadhani nilikatazwa kurudi? Nilitumwa tena! Ushahidi haukutosha. Na mimi nilikwenda, nikiwa na hofu na nikiwa na hamu, na nawaambia ukweli kwamba vitu hivyo viwili vikikutana kwenye tumbo la mtoto havimwachi akalala. Nilikaa nimejipinda, jicho moja kwa bwana wa kizibao, jicho moja kwa Saynab. Nikamchukua na mdogo wangu Liban awe kama ngao. Yeye hakushuku kitu, alicheka kama anayetekenywa. Saynab alimtazama yeye pia, akimaliza anarudi kwangu. Ilikuwa kama anatuhesabu.

Siku moja Saynab alikwenda soko la maziwa. Ayeeyo alisubiri mpaka buibui lake lipotee pembeni mwa ukuta, akaingia chumba cha mwisho, na akatoka na kanda moja chini ya garbasaar yake, ile shela kubwa anayojitanda. Akakaa chini ya mwarobaini na kisu cha kukatia nyama. Kanda ilipasuka kwa kishindo, utepe mweusi ukamwagika mapajani mwake kama utumbo wa mbuzi. Akauvuta, na kadiri alivyouvuta ndivyo ulivyozidi kuja. Hakuna dhahabu. Hakuna kitu chochote, utepe tu unaometameta, unaokimbizwa na upepo kuelekea kwenye banda la kuku. Utepe ulikuwa bado uko mikononi mwake Saynab aliporudi na kibuyu chake cha maziwa ya ngamia.

Alitua kibuyu, akapiga magoti mchangani, akaanza kuukusanya utepe kutoka kwenye miguu ya kuku. Aliufuta kwa ncha ya nguo yake, mkono kwa mkono, kisha akauviringa polepole kwa penseli aliyoniomba kwenye mkoba wangu wa shule. Ayeeyo alibaki amekaa na kisu. Sikuwahi kumwona nyanya yangu akikosa la kusema, na kwa kuwa hakulipata, alichagua hasira.

"Mwezi huu ukiisha," alimwambia Hooyo usiku ule, "ahame. Nyumba yenye mtu usiyemjua ni nyumba yenye mlango wazi."

Basi tukawa tunasubiri mwezi uishe. Na ndipo likatokea jambo la baba yangu.

Aabo alikuwa dereva wa lori. Alipeleka unga, sukari na mafuta ya kupikia Wajir, Griftu, wakati mwingine mpaka Hadado, akarudi na mbuzi. Barabara ile ilikuwa na majambazi, na magari yaliondoka kwa msafara na askari mbele. Tulikuwa tunamtarajia siku ile. Baada ya adhuhuri tukaona kijana fundi wa magari anakuja mbio kutoka stendi. Alikuwa mtu wa Kitui, hakujua Kisomali, na kwa hiyo alisimama mbele ya Ayeeyo akahema kwa Kiswahili.

"Mama, kuna lori limepigwa risasi huko njia ya Wajir. Wanasema dereva ameumia. Wengine wanasema amekufa."

Ayeeyo alikuwa na Kiswahili chake cha sokoni. "Sema bole bole," alisema, na nikaona mkono wake umeukamata mwarobaini. "Lori ya nani? Derefa yake ni nani?"

"Sijui, mama. Ni lori la bluu."

La Aabo lilikuwa la bluu. Magari ya bluu yalikuwa mengi, kila mtu alisema hivyo mara tu baadaye, lakini neno lilikuwa limeshaanguka uani. Wanawake wakaanza kuingia wawili wawili, wakakaa mikekani wakinong'ona dua. Hooyo alikaa katikati yao, mikono imelegea, akitazama lango. Hakuna aliyepika. Hakuna aliyetuambia kitu sisi watoto, na kila tulipokaribia sauti zilishuka. Liban aliuliza, "Aabo amekufa?" kwa sauti yake ya kawaida kabisa, kama anayeuliza kama chai imechemka, na wanawake wote wakaanza kumnyamazisha mara moja. Akaanza kulia kwa sababu amenyamazishwa. Mimi sikulia. Nilikuwa natazama nyuso za watu wazima nione zinajua nini ambacho mimi sijui.

Saynab akaja akatushika mikono, mmoja huku mmoja kule, akatupeleka chumbani kwake. Akatuketisha mkekani. Kisha akafungua sanduku.

Nilimtazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. Akaweka kanda, kile kinanda kikaanza kupanda ngazi zake, na bwana wa kizibao akatokea na bata kwapani. Nikawaza, sasa amejidhihirisha. Siku ya leo! Lakini Liban alikuwa ameshanyamaza. Baada ya muda nikasikia kicheko chake, kidogo, chenye kwikwi za kilio ndani. Saynab alikuwa amekaa palepale pake, karibu na mlango, mgongo kwa televisheni, macho yake juu yetu.

Kicheko kilifika uani. Pazia la mlango likafunguliwa kwa nguvu na Ayeeyo akasimama pale, garbasaar imeteleza kichwani, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Naa, Saynab! Leo ni siku ya kucheka? Mwanangu yuko barabarani, sijui amelala ubavu gani, na wewe unafanyia sherehe nyumbani kwake? Wewe ni mtu gani? Nani alikuleta?"

"Keti, ayeeyo," Saynab alisema.

"Zima hicho kitu!"

"Nitazima ukiniambia. Nyumba ni yako. Lakini kwanza nisikilize." Hakusimama. Alizungumza taratibu, macho bado yako kwa Liban. "Vita vilipofika mtaani kwetu watu walikimbilia ukumbini, kwa sababu kuta zake zilikuwa nene. Kina mama, wazee, watoto. Mashine kubwa ilikuwa imeharibika, kwa hiyo mume wangu aliweka televisheni jukwaani na jenereta nyuma, akawaonyesha hizi. Kila mmoja mle ndani alikuwa anasubiri habari ya mtu. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni nikiwaangalia. Yule aliyeacha kucheka, nilikwenda nikamshika mkono."

Nje sauti za dua zilikuwa zinaendelea.

"Mimi habari yangu niliipata wao wakicheka," Saynab alisema. "Sikuzima."

Sikuelewa. Nilidhani anasema habari za redio. Lakini niliona uso wa nyanya yangu ukibadilika, kama mtu aliyejikwaa gizani akagundua kwamba alichojikwaa ni mtu. Akashika ukuta, akajishusha, akakaa mkekani kati yangu na Liban. Akaivuta garbasaar juu ya kichwa. Na kwa kuwa macho lazima yaende mahali, yakaenda kwenye televisheni.

Aliitazama ile sinema kwa chuki. Midomo yake ilikuwa inasoma dua. Bata akavikwa kofia, dua ikaendelea. Bata akavutiwa kiti, dua ikasitasita. Mzee mwenye macho mabovu akainama, akautwaa ubawa, akaubusu taratibu, na kutoka kifuani mwa Ayeeyo kukatoka sauti kama ya gari linalokataa kuwaka. Akajiziba mdomo kwa garbasaar. Mabega yakamtikisika. Nilidhani analia, na nadhani alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, na hakuweza kusimamisha lolote kati ya hayo. Liban akamrukia mapajani akipiga kelele, "Ayeeyo anacheka! Ayeeyo anacheka!" nami nikaanza, na tukawa watatu tumeshikana, tunacheka na machozi yanatiririka, tusijue ni ya nini. Saynab alisogea. Akaushika mkono wa nyanya yangu.

Hatukusikia lango. Hatukusikia wanawake walivyopiga yowe, au tulisikia tukadhani ndiyo habari yenyewe imefika, kwa maana Ayeeyo aliganda ghafla. Pazia likafunguliwa. Alikuwa Aabo, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, mkono mmoja umefungwa kwa kikoi chenye damu. Lori lilikuwa lake kweli. Magurudumu yalipigwa, risasi ikamkwaruza mkono, na alikuja kwa gari la wenzake. Alisimama akatutazama, mama yake na watoto wake wamekaa mbele ya televisheni, nyuso zimelowa.

"Mimi natoka kufa," alisema, "na mama yangu anacheka?"

Ayeeyo alimrukia kama msichana. Alimpiga kifuani, akambusu mkono mzima na mkono mbovu, akampiga tena. Aabo hakuacha kulisema jambo hilo maishani mwake mwote. Kila mgeni aliyekuja kumpa pole aliambiwa namna alivyonusurika risasi akakuta nyumbani kuna tamasha. Alilisema kwa mzaha, lakini mwanzoni, wiki zile za kwanza, mzaha wake ulikuwa na makali, na sikupenda jinsi alivyomtazama mpangaji.

Mwezi uliisha, na hakuna aliyehama. Ayeeyo alirudisha mkeka wake wa kuswalia mahali pake pa zamani. Hakuomba radhi kuhusu ile kanda aliyoipasua, hakuwa mtu wa kuomba radhi, ila kila asubuhi bakuli la kwanza la anjera lilikwenda chumba cha mwisho. Alasiri, akishaswali, alikuja kukaa nasi. Akawa na maoni makali. Wanaokimbizana hakuwapenda, alisema wanamchosha magoti. Saynab alimpangia kanda zake peke yake, kwa mpangilio wake mwenyewe, kama daktari anayebadilisha dawa.

Mwaka uliofuata zikaja habari kwamba dada yake Saynab ameonekana Hagadera. Aliondoka na sanduku lake. Mimi nilikuwa nimefika kwa wanaokimbizana tu. Aliniahidi kwamba wale wanaosema wananisubiri nikikua. Sikumwona tena. Tulisikia baadaye kwamba yeye na dada yake walichukuliwa ng'ambo, nchi ya baridi.

Ayeeyo aliponieleza mambo mengine nilikuwa mwanafunzi wa chuo, naye ameshakuwa mtu wa kitandani. Wanawake wale wawili walikuwa wamezungumza sana chini ya mwarobaini wakati mimi niko shuleni. Mume wa Saynab alitoka ukumbini kutafuta dizeli ya jenereta. Kijana mmoja alikuja mlangoni akamnong'oneza Saynab kwamba mumewe ameuawa njiani, na mle ndani watu walikuwa wanacheka, na watoto walikuwa wamesimama juu ya viti. Aliacha sinema iishe. Ndipo akawaambia.

Nilipoyasikia hayo nilifikiri nimemwelewa. Kwamba hakuwa mchawi, hakuwa mpelelezi, hakuvuna kicheko cha mtu. Hilo ni rahisi kulielewa. Lakini kuna jambo lililonichukua miaka zaidi, mpaka nilipopata watoto wangu mwenyewe. Saynab hakujua kama Aabo yuko hai. Alipoingiza kanda ile, alijua kwamba kama habari ingekuwa ile nyingine, basi mimi na Liban na Ayeeyo tungekumbuka milele kwamba tulikuwa tunamcheka bata wakati baba yetu amelala barabarani, na tungejua ni nani aliyetuchekesha. Tungemchukia mpaka kufa. Mji mzima ungesema, tulisema sisi! Alikuwa mgeni, hana mtu, amebakiza siku chache afukuzwe, na aliliona hilo vizuri kuliko yeyote, kwa sababu yeye mwenyewe habari yake ilimkuta watu wanacheka. Hata hivyo alitushika mikono.

Wakati mwingine najiuliza kama ningemsamehe. Aabo alirudi, kwa hiyo sijawahi kulazimika kujibu.